Mguu Juu ya Kitanda cha Nanyama

Mguu ulitokea darini Jumatatu asubuhi, Millicent Nanyama akiwa ameketi kitandani anajipaka dawa ya magoti. Kwanza lilidondoka vumbi, halafu kipande cha siling bodi chenye ukubwa wa sinia, halafu mguu wenyewe: buti la kazi, soksi ya kijani, na suruali iliyopanda hadi karibu na goti. Ukaning'inia juu ya mto wake ukitafuta pa kukanyaga, usipapate.

Nanyama hakupiga kelele. Alikuwa mkunga aliyestaafu, na mtu aliyekaa miaka mingi katika wadi ya wazazi huzoea kuona miguu ikitangulia pale ambapo kilitarajiwa kichwa. Aliutazama, akaona ni mzima, akasema, "Usisukume. Tulia kwanza."

Mguu ukatulia.

"Haya, sasa urudishe polepole."

Mguu ukaanza kurudi. Buti likanasa kwenye ubao, mwenyewe akavuta kwa nguvu, buti likamvuka na kuanguka juu ya mto. Soksi ikapotelea gizani. Muda si muda pale penye mguu pakatokea uso, mweupe kwa vumbi, uso wa mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Ukamtazama Nanyama, ukakitazama kitanda, kisha ukakaza macho ukutani, palipotundikwa picha ya Jacklyne akiwa amevaa joho la kuhitimu chuo kikuu.

"Yesu wangu," uso ukasema, ukatoweka. Nanyama akasikia magoti yakikimbia juu ya mbao kuelekea kwa jirani, tena kwa kasi ambayo watu wengi hawaifikii kwa miguu.

Naye alikuwa amekwisha kumtambua. Alikuwa amemwona mara moja tu, katika simu ya Jacklyne, akicheka kando ya mashine ya kuchanganyia zege. Kabla Nanyama hajafikiri lolote, mikono yake ilinyakua leso na kumfunika kichwa, na mwili ukageuka ukaelekea ukutani. Magoti, ambayo ndiyo yaliyokuwa wazi, yaliachwa yakipunga upepo. Alikaa hivyo kitambo kizima mpaka akajishtukia, akajiona mjinga, akakasirika.

Nyumba yake ni mojawapo ya zile za zamani za mtaa wa Woodley, Nairobi, zilizojengwa mbili mbili chini ya paa moja. Ukuta wa katikati unapanda hadi kwenye dari na kuishia hapo. Juu ya dari ni uwanja mmoja, kutoka chumbani kwa Nanyama hadi jikoni kwa jirani. Aliyeijenga bila shaka alikuwa na imani kubwa na binadamu. Jirani huyo ni Chetan, muuza miwani mjini, aliyehamia miezi michache iliyopita kutoka Parklands ili mama yake mzee, Chanchal, apate mahali pa kupandia dania. Chetan ndiye aliyemleta kontrakta abadilishe nyaya za umeme zilizochakaa juu ya dari. Siku ya kwanza tu ya kazi, kontrakta alitambaa gizani, akavuka mpaka bila habari, akakanyaga pasipokanyagika.

Kontrakta mwenyewe aliitwa Wesonga. Nanyama hakuwa akilitumia jina hilo. Yeye alimwita "yule mtu wa Jacklyne."

Na hapo pana kisa. Jacklyne, binti yake wa pekee, alikuwa mhasibu katika ofisi moja mjini. Wesonga alikuja kukarabati ofisi hiyo, akamaliza kazi, akaondoka, na Jacklyne naye akaondoka. Mama mtu alipopata habari, wawili hao walikuwa wanaishi Kawangware katika chumba chenye pazia katikati, na mimba ilikuwa imeanza kuonekana. Nanyama aliyewazalisha mabinti wa watu wote hakuitwa kumzalisha wa kwake. Alisema neno moja, na tangu siku hiyo hakulirudisha: "Mtu asiyepiga hodi mlangoni kwangu si mkwe wangu."

Kusema kweli, hodi ilipigwa. Mwaka uliofuata Wesonga alituma wazee watatu wa kwao, wamevaa makoti, wamebeba sukari na unga. Nanyama alifungua dirisha akawaambia mwenye nyumba hayupo. Wazee walimtazama, wakamshukuru kwa habari hiyo, wakarudi walikotoka. Jacklyne aliposikia, akasema kama mama hayupo basi hata yeye na mtoto hawana wa kumtembelea. Mtoto, Nekesa, sasa ana miaka minne, na bibi yake anamjua kwa picha zinazoletwa na watu wengine. Picha hizo Nanyama huzitazama akiwa amejifungia chumbani.

Sasa basi. Kwao Bungoma, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hawapeani mikono, hawali meza moja. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani, na mjini, kwa kuwa vichaka ni haba, mmoja huingia dukani. Siku hizi wapo waliolegeza, wanakumbatiana harusini na kupigwa picha. Lakini chumba cha kulala cha mama mkwe, hata hao waliolegeza hawakigusi.

Chetan alikuja mwenyewe mchana ule, ameshika miwani mkononi kama mtu anayetaka kuapa nayo.

"Mama Jackie, pole sana. Hiyo ni makosa yetu kabisa. Leo leo itarudishwa vile ilikuwa, hata better."

"Ni sawa. Fundi wako aje atengeneze."

"Sasa hapo ndio kuna shida kidogo." Chetan akapangusa miwani. "Nimemwambia aingie, anasema hawezi. Nimemuuliza kwa nini, anasema ni heshima. Mama Jackie, mimi nimekulia hii Nairobi, na sijaona mahali heshima na siling bodi zinapatana. Lakini ako na mwenzake anaitwa Obuya. Huyo ako tayari hata saa hii."

Nanyama aliona mtego palepale. Akimkubali Obuya, atakuwa amekiri kwamba yupo mtu asiyeweza kuingia chumbani mwake, na mtu asiyeweza kuingia ni mkwe. Hakuna jina jingine.

"Aliyevunja ndiye atakayetengeneza," akasema. "Mwambie huyo kontrakta yeye ni fundi, na mimi ni mwenye nyumba. Hakuna cha zaidi kati yetu. Na kiatu chake kiko hapa. Aje akichukue mwenyewe."

Chetan alibeba ujumbe huo. Akarudi na jibu kwamba kontrakta anaomba msamaha sana, anashika miguu ya mama, lakini hawezi. Chetan akauliza miguu inashikwaje na mtu anayekataa kuingia. Akaenda tena, akamwambia Wesonga kwamba kama shimo halitazibwa kufikia Ijumaa kazi itamwishia, tena atawaambia watu wote anaowajua Parklands. Wesonga alisema anaelewa. Akaendelea kuvuta nyaya, mguu mmoja una buti, wa pili una kandambili.

Hivyo shimo likabaki. Nanyama alihamisha kitanda hadi pembeni, akaweka beseni chini ya uwazi kwa ajili ya vumbi, akasema nyumba ni yake na ubishi ni wake na hana haraka. Kupitia shimo hilo zikaanza kumfikia habari za upande wa pili: harufu ya vitunguu na mbegu za haradali vikilia kwenye mafuta, nyimbo za asubuhi za Chanchal, Chetan akibishana na mtu wa intaneti. Halafu, Jumanne saa ya chakula, mafundi walipopumzika juu ya dari kwa sababu kule kulikuwa na kivuli na chini kulikuwa na Chetan, ikamfikia sauti ya mtoto, kutoka kwenye simu iliyofunguliwa spika.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Githeri."

"Iko na nyama?"

"Ilikuwa nayo. Imetoroka."

Mtoto akacheka, na nyuma yake akacheka mwanamke, kicheko cha puani kinachoanza kabla ya mwenyewe kuwa tayari. Nanyama alikuwa amesimama na kikombe cha chai. Hicho kicheko alikilea mwenyewe tangu kikiwa hakina meno. Akaketi chini, papo hapo, kando ya beseni, na chai ikapoa.

Jumatano Nanyama alifika chini ya shimo mapema. Alijiambia anafagia. Alifagia mahali pamoja, ufagio ukiwa hewani ili usipige kelele, mpaka simu ikalia juu na yule mtoto akauliza tena kama baba amekula. Safari hii nyama ilikuwa imekamatwa, lakini Obuya akaila. Nekesa akataka kuzungumza na Obuya, akamkaripia vizuri, kwa mpangilio, akianza na kosa na kumalizia na onyo. Nanyama aliisikia sauti yake mwenyewe ya wadi ya wazazi ikitoka kwa kitu cha miaka minne, akaziba mdomo kwa leso. Alilia kidogo pia. Hakuna aliyemwona, kwa hiyo kwake haikuhesabika.

Alhamisi simu aliishika Jacklyne.

"Shimo umeziba?"

"Bado."

"Wesonga, kesho ni Ijumaa. Huyo Mhindi atakufuta. Si uingie tu uzibe? Yeye mwenyewe amesema wewe si mkwe wake."

"Ndiyo maana siwezi kuingia." Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayetafuna. "Nikiingia mle, nitakuwa nimekubali kwamba si mkwe."

"Hakutaki! Unamheshimia nini mtu hakutaki?"

"Kunikataa ni haki yake, Jackie. Lakini Nekesa atakuja kuniuliza siku moja kama niliwahi kuingia chumba cha kulala cha nyanyake. Nitamwambia mguu uliingia. Mimi sikuingia."

Chini, Nanyama aliutazama ule mto. Buti lilikuwa sakafuni kando ya mlango, mdomo wazi. Akalinyanyua, akalitazama soli lililolika upande mmoja, akalirudisha. Hakuwa na raha hata kidogo.

Jioni hiyo Chanchal alikuja na fungu la dania, akaingia moja kwa moja mpaka chumbani, kwa maana uzee ni pasi ya kuingia popote. Alikuwa mwembamba, amevaa sari nyeupe na sweta ya kijana wake. Akaketi kitandani, akainua shingo akalisoma shimo.

"Toto yangu nasema fundi yake kichwa mbaya," akasema. "Mimi nauliza fundi, yeye naeleza mimi yote. Mimi naelewa. Chetan hapana elewa, yeye nauza miwani tu."

"Hakuna cha kuelewa, Chanchalben," Nanyama akasema, akimwita dada kwa Kigujarati. "Huyo ni fundi kama fundi yeyote."

Chanchal akauvuta upindo wa sari ukamfunika uso mzima hadi kidevuni. Akabaki hivyo, akiongea kutoka ndani.

"Mimi naolewa, nakuja Kisumu. Baba mkwe naishi na sisi. Miaka yote ile mimi napika, nafua, naweka chai, lakini yeye hapana ona sura yangu. Yeye nakufa, hajui kama mimi iko na pua." Akafunua. "Unafikiri yeye napenda mimi? Hapana. Yeye nataka bibi ingine kwa kijana yake, toto ya tajiri ya sukari. Lakini mimi nafunika. Kila siku nafunika. Mtu ya nje hapana funika. Mtu ya nyumba nafunika."

Nanyama akazichambua zile dania ambazo hazikuhitaji kuchambuliwa.

"Ile siku uso yake natokea hapo juu," Chanchal akaendelea, "wewe nafanya nini?"

"Nilijifunika."

"Nafunika wapi?"

"Kichwa," akasema.

Chanchal aliyatazama magoti ya Nanyama, kisha akalitazama shimo, kisha akayarudia magoti. Aliaga akaenda kupika.

Nanyama alikumbuka fundi wa bomba aliyekuja mwaka uliopita, akamkuta anatoka kuoga. Siku hiyo alisimama na kanga moja kifuani na kumfokea yule mtu kwa kuchelewa, akamwonyesha bomba linalovuja, akamshikia na tochi. Haikumpitia akilini kujifunika chochote, seuze kichwa. Usiku ule alijigeuza geuza kitandani akitafuta namna nyingine ya kueleza leso ile, na kila namna aliyoipata ilikuwa ya uongo.

Ijumaa mchana simu haikulia. Kupitia shimo alisikia mbao zikivutwa, na Obuya akisema, "Nyaya zote ziko sawa, tunafunga," na ngazi ikishushwa ukutani. Nanyama alikuwa amemaliza kufagia mara mbili. Watu wale wakitoka, Chetan atamleta fundi wa kukodi, shimo litazibwa na mgeni, na saa ya chakula hakutakuwa na mtu wa kuuliza nani amekula. Akainuka, akatafuta rangi ya viatu.

Alipoingia uani kwa Chetan, Wesonga alikuwa ameinama anafunga vifaa kwa kamba, buti mguu huu na kandambili mguu ule. Aliinua kichwa, akamwona, akageuka akakabili ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nanyama naye akageuka akakabili barabara. Kati yao palikuwa na hatua chache na Chanchal kwenye kiti cha plastiki. Chetan alikuwa mlangoni na hotuba yake ya kumfukuza kontrakta ikiwa tayari mdomoni.

"Chanchalben," Nanyama akasema, akiiambia barabara. Akakohoa. "Mwambie mkwe wangu asiingie chumbani mwangu."

Obuya aliacha kukunja waya. Chetan akavaa miwani. "Mkwe wa nani?" akauliza.

"Mwambie," Nanyama akaendelea, "shimo litazibwa na Obuya. Obuya si mtu wangu, aingie apendavyo. Kazi ya mkwe wangu haina kosa, na jirani yangu Chetan hana sababu ya kumfukuza mtu yeyote."

Chanchal akamgeukia Wesonga. "Nasema wewe hapana ingia. Obuya naingia. Wewe iko mkwe yake."

Wesonga alikuwa ameweka kiganja ukutani, amekaza kana kwamba ukuta ndio uliotaka kuanguka. "Mwambie mama nimesikia," akasema, sauti imekwaruza. "Mwambie asante."

"Lakini si amekusikia!" Chetan akapaza sauti. "Wako hapa wote wawili! Ma, hawa watu wanasikiana!"

"Chetan, nyamaza," mama yake akamwambia, akamgeukia Nanyama. "Nasema nasikia. Nasema asante."

Nanyama akatoa mfuko aliokuwa ameuficha chini ya leso, akampa Chanchal kwa mkono wa nyuma. Ndani mlikuwa na buti, limepigwa brashi mpaka linang'aa. Lile jingine, mguuni kwa mwenyewe, lilikuwa na vumbi la wiki nzima, hayakufanana tena.

"Na mwambie," akasema, sauti sasa ndogo, "mwenye nyumba atakuwepo Jumapili."

Obuya aliziba Jumamosi. Kazi ilikuwa safi, kipande kipya cheupe katikati ya dari iliyogeuka njano kwa miaka. Alipoondoka nyumba ikawa kimya, kimya ambacho Nanyama hakuwahi kukijali hapo awali na sasa hakukiweza. Harufu ya haradali haikuja. Alikirudisha kitanda mahali pake, akalala chali akikitazama kile kipande. Aliogopa. Walikuwa na kila haki ya kutokuja. Yeye mwenyewe aliwafundisha.

Jumapili hakwenda kanisani, jambo ambalo mchungaji aliulizia. Alichinja kuku wawili, akatandika vitambaa vya kochi vilivyokaa sandukuni tangu siku ya wale wazee watatu, na akaweka kiti kimoja barazani, mgongo wake ukielekea nyumba. Kisha akafunga mlango, akaketi, akangoja, kwa sababu kuna mambo ambayo lazima yaanze mlangoni.

Ikapita asubuhi. Nyuma ya ukuta Chanchal alimaliza nyimbo zake zote na akaanza upya. Halafu geti likalia, na hatua zikaja: viatu vya mwanamke anavyovijua, mabuti mawili yanayokanyaga sawasawa, na viatu vidogo vinavyoruka badala ya kutembea. Mabuti yakasimama mbali, barazani. Kiti kikalia mtu alipokikalia.

Mlango ukagongwa, chini kabisa, karibu na kizingiti.

"Hodi!" ikasema ile sauti ya darini.

Nanyama alikwenda dirishani, lilelile, akalifungua. Jacklyne alikuwa amesimama pale na macho mekundu, amekonda. Chini yake alikuwa Nekesa, ameshika mkebe wa sukari kwa mikono miwili. Mbali kidogo, mwanamume aliyevaa koti alikuwa amewapa mgongo, anaitazama barabara kwa bidii.

"Wewe ni nyanya?" Nekesa akauliza.

"Ndiye mimi."

"Baba anauliza kama uko."

Nanyama alishika kingo za dirisha.

"Mwambie niko," akasema, akaenda kufungua mlango.